Hatua Ishirini Kutoka Mlangoni

"Oili," alisema Nzuki, kisha akapumzika.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga wa uani, mkono wangu tayari umeshika kamba ya kuvutia injini. Jenereta ilikuwa mpya, nyekundu, imefika asubuhi ile nyuma ya pikapu ya mbuzi, na ilinuka mbuzi. Nzuki, mume wangu, aliketi kizingitini, ubavu ameuegemeza kwenye fremu ya mlango. Mpira mwembamba wa oksijeni ulitoka puani mwake, ukazunguka sikio, ukateremka begani na kuingia gizani mwa nyumba kama mzizi unaotafuta maji.

Nilisubiri. Kufikia wakati ule nilikuwa nimejifunza kusubiri.

"Huja kavu," alisema. Akavuta pumzi mara nne, tano. "Hawaiwekei. Ukivuta, umeiua."

Niliiachia ile kamba kana kwamba nimeshika nyoka.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, maneno mawili matatu kwa pumzi moja, Jumamosi nzima ya mwezi wa Oktoba. Miaka minne imepita. Sauti yake ya zamani imenitoka kichwani, ile ya kuimba besi kanisani, ile ya kuwaita ng'ombe mpaka ng'ambo ya mto. Iliyobaki masikioni mwangu ni hii ya kizingitini, iliyokwaruza kama beleshi kwenye changarawe, na kila neno lake lilikuwa limelipiwa.

Nzuki alikuwa mtu wa mashine. Kwa miaka kumi na minne alitoboa miamba katika machimbo ya mawe upande wa Sultan Hamud, machimbo ambayo siku hizi yamefungwa na kuota miiba. Kila mwisho wa mwezi alirudi kwetu, huku nje kidogo ya Mutomo, akiwa mweupe kuanzia kope hadi kucha, nami nikimcheka nikimwambia amekuja kama chapati iliyonyunyiziwa unga. Alicheka pia. Tulizikung'uta nguo zake kwenye ua wa minyaa na vumbi likapeperuka. Nililifua, nikalifagia, nikalisahau. Lile aliloondoka nalo kifuani hatukuliona.

Lilichukua miaka kuonekana. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akaacha kupanda kilima cha kwenda sokoni, akisingizia goti. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya shamba la ndengu, jembe chini, mikono kiunoni, akihema kama aliyekimbizwa, na hapakuwa na mtu aliyemkimbiza. Hospitalini walifanya yote waliyoweza. Mwishowe daktari mmoja kijana alituketisha, akasema kwa upole kwamba mapafu yale hayatarudi, lakini akipata oksijeni mchana na usiku anaweza kukaa nyumbani na watu wake. Hakusema kwa muda gani. Nzuki hakuuliza, nami nikaogopa kuuliza badala yake.

Kanisa lilichanga, tukapata mashine ya oksijeni, kitu kama kabati dogo lenye magurudumu, kilichovuma kando ya kitanda bila kukoma. Ilihitaji stima. Na stima huku kwetu ni kama mgeni mkorofi: haiagi ikiondoka, wala haisemi itarudi lini. Ikipotea, ule mvumo ulikatika, na Nzuki aliketi wima kitandani, viganja magotini, akinitazama. Hakuwa akiniomba chochote. Alijua sina. Baada ya nusu saa midomo yake ilianza kugeuka rangi ya zambarau.

Ndiyo maana binti yetu, Yvonne, aliyepata kazi mjini Wote, alitununulia jenereta. Aliipeleka mpaka barabara kuu ya Mombasa, akaipandisha kwenye pikapu ya Musa, ambaye hupeleka mbuzi huko na kurudi gari likiwa tupu. Musa ni mwana wa jirani yetu, Bi Zulekha. Yvonne alinipigia simu kabla haijafika.

"Mum, please, usiwashe tu hivi hivi," alisema. "Soma hiyo kitabu yake kwanza. Ama Dad akuonyeshe. Usiguse kama Dad hajakuonyesha."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kichina mbele na Kiingereza nyuma, na Kiingereza kile kilionekana kimekuja kwa miguu na kuchoka njiani. Nilikisoma mara mbili, nikakifunga. Nikamsaidia Nzuki kufika mlangoni.

Kwanza alinifanya niisogeze jenereta mara tatu, kwa sababu uani kwetu pameinama kuelekea zizini.

"Ikiinama," alisema, "kipimo kinadanganya."

Nikatafuta pahali palipo sawa. Nikafungua kifuniko, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kikavu. Nikamimina oili kidogo kidogo, nikapima, nikamimina. Nilipofikia alama ya juu nilimwonyesha kile kijiti, naye akakiinua juani, akakitazama kwa jicho moja kama zamani, kama mtu mwenye afya kabisa, hata moyo wangu ukanidanganya kidogo.

"Petroli sasa. Jiko?"

"Nimeshazima."

"Nenda uone."

Nikaenda jikoni. Kaa moja lilikuwa hai chini ya jivu, jekundu kama jicho. Nikalimwagia maji. Niliporudi hakuniuliza, nami sikumwambia, lakini alijua, na nilijua kwamba anajua.

Alinikataza kujaza tangi hadi shingoni, kwa kuwa petroli hupanuka ikipata joto. Alinikataza kuongeza petroli injini ikiwa ya moto, hata kama kuna haraka ya namna gani. Alinionyesha kwa kidole kile kitasa cha kufungulia mafuta, na choki ya kubania hewa, na swichi. Alinifanya nizitaje moja moja, halafu nifumbe macho nizitaje tena huku nikizigusa. Kisha akanituma kutafuta chuma kirefu, nikakipigilia ardhini karibu na jenereta, nikafunga waya kutoka kwenye mwili wa mashine hadi kwenye kile chuma, ili umeme ukipotea njia ushukie mchangani badala ya kushukia mwilini mwangu.

"Mwaga maji hapo," alisema. "Udongo mkavu haushiki."

Nilisita. Kilikuwa kiangazi cha tatu mfululizo. Maji nilikuwa nayafuata mwendo wa saa mbili, na punda wetu alikuwa amekufa Agosti. Lakini nilikwenda ndani, nikaleta kibuyu kizima, nikakimimina kwenye tundu la kile chuma, nikayatazama maji yakizama kama hayajapata kuwapo.

Muindi, ndugu yake mdogo, alifika tukiwa hapo. Muindi ni mtu mwema mwenye haraka. Aliishika ekstensheni niliyokuwa nimeikunjua akaicheka.

"Shemeji, ya nini kujisumbua hivi? Tunachomeka tu hapa kwa soketi ya ukuta, nyumba yote inawaka. Nimeona watu wakifanya."

"Aiee," alisema Nzuki. Hapana.

"Ni kitu rahisi, kaka."

"Aiee." Akainua mkono kumwomba asubiri. Tulisubiri wote wawili. "Umeme utarudi. Kwenye nguzo. Fundi yuko juu." Akavuta pumzi kwa muda mrefu. "Utamwua mtu. Hujamwona hata uso."

Muindi akaiweka chini ile ekstensheni.

Ikabaki kuchagua mahali. Nilikuwa nimefikiria veranda, karibu na dirisha la chumba, pasipo jua. Nzuki alitikisa kichwa. Alinifanya nihesabu hatua kutoka mlangoni, kuelekea upande ambao upepo wetu huelekea, si unakotoka. Kumi. "Endelea." Kumi na tano. "Endelea." Kwenye hatua ya ishirini aliinua kiganja. Nilikuwa nimefika karibu na banda la kuku.

"Huko itaibiwa," alisema Muindi. "Si afadhali iwe hapa kwa veranda? Mvua, jua, mwizi, yote tumemaliza."

Hapo ndipo Nzuki alipotumia pumzi nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Ilimchukua labda robo saa kusema ninayoyasema hapa kwa mistari michache. Alisema kwamba machimboni, siku moja ya baridi na manyunyu, vijana wawili waliingiza jenereta stoo ili isilowe. Waliacha mlango wazi kidogo. Waliona hiyo yatosha. Yeye ndiye aliyekwenda kuwaita wakale. Aliwakuta wameketi wameegemea magunia, mmoja ameweka kichwa begani mwa mwenziwe, kama watu walioshiba wakasinzia. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Aliwabeba nje mmoja baada ya mwingine, na mpaka anamfikisha wa pili penye hewa alikuwa bado anadhani wataamka.

"Moshi ule," alisema, "hauonekani. Haunuki."

Kisha akaniangalia mimi, si Muindi.

"Sema haiingii."

"Haiingii ndani," nikasema.

"Hata mvua ije."

"Hata mvua ije, haiingii ndani."

"Tena."

Nikasema tena, kwa sauti, kama mtoto mbele ya mwalimu, na Muindi akatazama pembeni.

Ilipofika alasiri niliivuta kamba. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ilikohoa. Mara ya tatu ilinguruma, kuku wakatawanyika, na mimi nikaruka nyuma nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nzuki alinionyesha kwa kidole: rudisha choki, taratibu. Mngurumo ukatulia. Akanifanya niiache iende tupu, bila kazi yoyote, kwa muda wa kuchemsha sufuria ya chai, akiusikiliza ameinamisha kichwa. Ndipo tukachomeka mashine ya oksijeni. Taa yake ya kijani ikawaka. Nzuki aliweka kidole kwenye ncha za ule mpira, akasikia hewa inapita, akaurudisha puani.

"Ii," alisema. Ndiyo.

Nilikuwa na furaha siku ile. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye lilinitia aibu.

Tulipokuwa tunarudi kitandani, mkono wake shingoni mwangu, alisimama kupumzika akatazama kule bandani.

"Ijengee paa," alisema. "Mvua."

Nikacheka tena. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Nilimwambia nitamwambia Muindi alete miti minne. Muindi nilimwambia kweli, naye akaahidi kweli. Lakini miti haikuletwa, kwa kuwa hakuna aliyeamini mvua, na sikumkumbusha, kwa kuwa mimi pia sikuamini.

Upepo ulikuja Jumanne moja ya Novemba, upepo mtupu wa vumbi, ukaangusha nguzo za stima ng'ambo ya mto. Muindi alikwenda kuona, akarudi akasema nguzo nne zimelala na nyaya zimetapakaa kama matumbo, na kwamba hiyo si kazi ya siku moja.

Nikaivuta kamba. Ikawaka mara ya kwanza.

Siku zile mbili nilifanya kila kitu jinsi nilivyofundishwa. Niliiendesha, nikaizima ipumzike, nikasubiri ipoe, nikaongeza petroli, nikapima oili, nikaiwasha. Kila nilipoizima Nzuki alikaa bila oksijeni, na kila mara midomo yake iligeuka rangi mapema zaidi. Nusu saa ikawa dakika ishirini. Ishirini zikawa kumi na tano. Niliiwekea injini kiganja changu ili nijue imepoa kiasi gani, nikaiombea ipoe haraka kama mtu anavyoombea homa ya mtoto.

Jumatano saa nne asubuhi nilibadilisha oili. Alikuwa amenieleza mapema kwamba oili ya kwanza haikai sana, kwa sababu chuma kipya hujisaga. Nilimpelekea ile oili chafu katika kopo la plastiki ili aione. Ilimetameta ndani, chembe ndogo ndogo za fedha zikielea. Aliitikisa kidogo.

"Vumbi lake," alisema. Kisha: "Lake linamwagika."

Nikachukua kopo nikatoka nalo.

Alhamisi alipoamka hakutaka uji. Miguu yake ilikuwa imevimba, na macho yake yalikuwa yametulia kwa namna ambayo sikuipenda. Petroli ilikuwa inakaribia kwisha. Muindi alichukua mtungi akaenda Mutomo. Bi Zulekha alikuja adhuhuri kumtazama mgonjwa, akitembea pole pole kwa ajili ya magoti yake, amefunika bakuli la uji wa mtama kwa kitambaa cheupe. Bi Zulekha alizaliwa hapa hapa Mutomo, na baba yake pia, lakini wazee wao walitoka pwani, na Kiswahili chake bado kinateleza kama samli. Changu ni cha shule na cha sokoni. Tumekuwa majirani miaka ishirini na mitatu, na bado wakati mwingine huniambia jambo nikasikia jingine, tukacheka.

"Mwanangu Ndinda," aliniambia mlangoni, "umeangalia mawingu?"

Nilitoka. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa nyeusi tii. Harufu ilishafika, ile harufu ya udongo unaolowa mbali, harufu tuliyokuwa tumeiomba kanisani kila Jumapili kwa miaka mitatu. Jirani mmoja alikuwa anapiga vigelegele. Mahali fulani watoto walikuwa wanaimba. Nami nilisimama pale nikasema, Ngai, Mungu wangu, si leo.

Sikuwa na muda wa kusema zaidi. Nilikimbia kwenye banda la kuku nikang'oa bati moja la paa. Nikaliweka juu ya matofali, likafunika jenereta vizuri, nikaweka mawe juu yake. Tone la kwanza lilipoanguka upepo ulilinyakua lile bati pamoja na mawe yake na kulitupa kwenye minyaa. Nikalifuata. Nikavaa buti za mpira za Nzuki, zile za machimboni, kubwa kwangu kama mitumbwi. Nikainua mahali ekstensheni ilipoungana, nikapaweka juu ya tofali, nikapafunika kwa karai lililopinduliwa. Kisha nikaliinua bati kwa mikono miwili juu ya jenereta, nikaliinamisha ili maji yateremke upande usio na moshi, nikasimama.

Ningeweza kuizima. Nimelifikiria hilo pia. Lakini mvua kama ile huchukua saa mbili, na Nzuki alikuwa na dakika kumi.

Ilikuja yote mara moja. Haikuwa na matone, ilikuwa maji yaliyosimama. Ililipiga lile bati juu ya kichwa changu kwa kelele ambayo sijawahi kusikia mfano wake, na chini ya bati jenereta ilinguruma, na katikati ya kelele hizo mbili mimi nilikuwa kama mtu aliyezibwa masikio kwa nta. Nililiegemeza bati kwenye kichwa, nikapumzisha mkono mmoja, kisha mwingine. Kingo zake zilinikata viganja. Maji yalipanda hadi kwenye vifundo vya miguu, yakielekea zizini, mekundu, yamebeba mavi ya mbuzi na majani makavu ya miaka mitatu. Injini haikuyumba hata kidogo. Niliitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayenyonya.

Ndipo Bi Zulekha akatokea mlangoni.

Nilimwona kupitia maji, mtandio wake mweupe, mkono mmoja umeshika fremu. Mdomo wake ulikuwa unaenda. Nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba sisikii. Akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita kwa nguvu zake zote, na kelele ikaniachia kipande tu.

"Ingiza!" nilisikia. "Ingiza!"

Nikajua anavyoona yeye: mwanamke anakufa kwa baridi kwa ajili ya chombo kinachoweza kuingizwa ndani kwa dakika moja. Nilimsamehe hapo hapo. Hakuwapo siku ile ya Oktoba. Hakuwa amewabeba wale vijana wawili.

"Aiee!" nikapiga kelele. "Haiingii! Alikataa! Haiingii ndani!"

Akatikisa mkono wake kuniita, mara moja, mara mbili. Akatoweka ndani, akarudi, akaita tena neno lile lile. Nami nikatikisa kichwa tena, kwa nguvu, na nakumbuka kwamba nilijivuna. Nilikuwa nimelowa hadi mifupani, sihisi vidole, na nilijivuna kwa kuwa nimeshika neno la mume wangu hata mbele ya mtu mzima ninayemheshimu. Akaingia, akatoka, akaita mara ya tatu. Alisimama kidogo akinitazama. Kisha akageuza kichwa nyuma kama mtu aliyeitwa, akaingia.

Mvua ilipungua polepole, kama ilivyo desturi yake. Kwanza nikaanza kuisikia injini peke yake. Kisha nikaona zizi. Nikaona minyaa. Sijui ilikuwa saa ngapi, lakini kulikuwa na mwanga mwingi, ule mwanga wa njano wa baada ya mvua, na ndege walishaanza.

Bi Zulekha alitoka nyumbani. Alikuja hadi pale nilipokuwa, hatua zote ishirini, katikati ya matope, bila kuinua pindo la dera lake, bila haraka. Mtu anayekuja kukuita hutembea kwa namna nyingine. Alifika, akaushika ukingo wa bati, akanibandua vidole kimoja kimoja, akaliweka chini.

"Zima sasa, mwanangu," alisema.

Nikachomoa waya wa mashine ya oksijeni. Nikaiacha injini iende tupu kidogo ili ipoe. Nikazima swichi. Nikafunga petroli.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno, nikakaa chini katika maji.

Muindi alifika jioni. Daraja la chini lilikuwa limefunikwa na mto, na alisubiri ng'ambo na mtungi wake wa petroli hadi maji yalipopungua. Alimlilia kaka yake kwa sauti kubwa, akiipiga fremu ya mlango kwa kichwa, na kati ya kilio alisema mara nyingi, miti, miti minne. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba mimi pia nilicheka.

Stima ilirudi Jumamosi. Tulimzika Nzuki wiki iliyofuata, kando ya mama yake. Wachimba kaburi walishukuru kwa vile udongo ulikuwa umelainika. Yvonne alitaka nihamie kwake Wote, nikamwambia bado. Mashine ya oksijeni niliirudisha kanisani, nao wakampelekea mgonjwa mwingine upande wa Ikutha. Mvua iliendelea kunyesha. Watu walipanda, nami nilikuwa nimekaa ndani na waombolezaji, na nilipotoka msimu ulishanipita. Januari ndengu zilistawi kila shamba isipokuwa langu. Wazee walisema hawajaona mavuno kama yale kwa miaka kumi.

Mwezi wa Februari Bi Zulekha aliniletea debe moja la ndengu kutoka kwake. Tuliketi uani, kila mmoja na ungo wake, tukichambua. Mara mbili alifungua kinywa akakifunga.

"Ndinda," alisema mwishowe, bila kuinua macho, "siku ile ya mvua ulinijibu kwamba haiingii."

"Nilikusikia ukisema niiingize."

"Najua. Baadaye ndipo nilipoelewa umesikia hivyo." Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. "Sikusema ingiza, mwanangu. Mashine nilikuwa sina habari nayo. Nilisema ingia."

Mikono yangu ilisimama.

"Yeye ndiye aliyenituma. Aliutoa ule mpira puani kwa mkono wake mwenyewe, nikataka kuurudisha, akanizuia. Akasema, mwambie aingie. Nikaja mlangoni. Nikarudi nikamwambia unasikia lakini hutaki kuiacha mashine. Akasema tena, mwambie. Mara tatu nilikwenda. Mara ya tatu aliniita kwa kugonga ukuta, nikarudi, akanishika hapa." Alionyesha kifundo cha mkono. "Sikuweza kumwacha tena. Magoti haya yangenifikisha kwako lini, na yeye angekuwa na nani?"

"Alisema nini kingine?"

"Hakusema. Alikuwa anautazama mlango."

Nilijaribu kuuona. Nimejaribu mara nyingi tangu siku ile. Nauona mlango kutoka ndani, mweupe kwa mvua, na hakuna mtu.

"Mbona hukuniambia siku zile?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unatetemeka." Akaweka ungo chini. "Na kila nikikaa kimya naona ninakuibia. Mimi si wa kuishi sana, Ndinda. Nisingependa kuondoka na habari hii."

Alinitazama wakati ule, akisubiri nilie. Sikulia. Kilio chote nilikuwa nimekilia kwa jambo jingine kabisa, kwa mwanamke aliyejitahidi, na huyu wa sasa, aliyeitwa na asiende, hakuwa na kilio chake. Nilimwuliza kama atakunywa chai. Akasema atakunywa. Nikaenda jikoni, nikapanga kuni, nikachukua sufuria, na nilisimama nayo muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba sijatia maji.